Uzi: Miaka tisa nawasaidia watu kuandika maisha yao. Niliyemharibia kuliko wote ni wa kwanza

#1 Mwandani wa Kalamu (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila baada ya wiki chache naona mtu anakuja humu na swali lilelile: "Nataka kuandika kitabu cha maisha yangu, nianzie wapi?" Majibu huwa ya aina mbili. Kuna wanaomwambia chukua daftari uanze tu, na kuna wanaomuuliza maisha yako nani atayasoma. Anaondoka kama alivyokuja. Mimi kazi yangu ndiyo hiyo, kukaa na watu wanaoandika maisha yao mpaka waandike. Leo nina nafasi, acha nimwage nilichonacho. Ni ndefu, asiyependa kusoma apite kwa amani.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Tawasifu ni maisha yako yote, tangu kuzaliwa hadi ulipofika. Ninachozungumzia mimi ni kumbukumbu, yaani kipande cha maisha hayo. Miaka miwili ya ugonjwa. Ndoa moja. Mwaka ule ulioishi kwa shangazi. Watu wengi wananijia wamebeba tawasifu, na miezi ya mwanzo inaishia kwenye kumsaidia mtu akubali kuacha vitu nje. Hapo wengine hununa. Mmoja aliniambia, "Sasa kazi yangu ya miaka ishirini unaitupa?" Nikamwambia siitupi, ila katika kurasa zako zote hizo kazi hukuitaja hata kwa hasira, na mama yako wa kambo umemtaja mara kumi na moja.

Sasa hilo la kichwa cha uzi. Mtu wangu wa kwanza alikuwa mzee, dereva mstaafu wa malori. Alikuja na kurasa kama mia na arobaini, zote kwa mkono, mwandiko umelala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo. Nilikuwa mpya, nina haraka ya kuonekana nafanya kazi. Nikamnyooshea sentensi. Nikaondoa kurudiarudia. Nikamtilia tamathali zangu mbili tatu nzuri. Tulipomaliza akawasomea wanawe, na mimi nikiwepo nimekaa pembeni nasubiri sifa. Binti yake akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa adabu kabisa: "Nzuri. Ila baba haongei hivi."

Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mzee alikuwa amevaa yangu.

Nikarudi kwenye ule mwandiko wake. Kati ya vitu nilivyovifuta kulikuwa na maneno mawili, "nikasema sawa". Karibu kila tukio aliishia hapo. Amehamishiwa njia ya mbali, nikasema sawa. Lori limekufa porini siku nne, nikasema sawa. Mtoto kaacha shule, nikasema sawa. Mimi niliona ni uvivu wa lugha, nikayapitishia kalamu yote, zaidi ya mara thelathini. Sasa niliposoma tena polepole nikagundua kuna mahali pamoja tu mzee hakuyaandika. Ni siku aliyomzika mkewe. Anaeleza kaburi, anaeleza nani alikuja, kisha anaanza aya nyingine, bila "sawa".

Kitabu chote kilikuwa kimejengwa juu ya pengo lile. Sidhani mzee mwenyewe alijua kwamba ameliweka. Na mimi kwa kufuta yale mengine nilikuwa nimelifuta na lenyewe, maana pengo haliwezi kuonekana kama hakuna kitu kimezunguka.

Tangu hapo nikabadili kazi. Rasimu ya kwanza ya mtu sishiki kalamu kabisa. Naisoma mara mbili na kuuliza maswali. Na maswali yenyewe nilijifunza kwa kukosea. Zamani nilikuwa nauliza "ulijisikiaje?" na jibu lilikuwa lilelile siku zote: nilijisikia vibaya sana, sina hata maneno ya kueleza. Kweli hana, kwa sababu nimemuomba jumla. Siku hizi nauliza vitu. Kuna dada aliandika "baba alikuwa mkali lakini alitupenda", akasonga mbele. Nikamuuliza viatu vya baba vilikuwa vinakaa wapi. Akacheka kwanza. Halafu akanyamaza. Akasema: mlangoni, na tukitoka shule tulikuwa tunaviangalia kabla ya kuingia. Vikiwa vimeelekea nje, anatoka tena muda si mrefu, tunaingia tukipiga kelele. Vikiwa vimeelekea ndani, tunavua vyetu nje na kupita kwa vidole.

Ule ukali ambao asingeumaliza kwa kurasa tatu umo kwenye viatu.

Kitu cha mwisho kisha niwaachie uwanja. Mahali mtu anapopita haraka ndipo pa kumsimamisha. Ukiona "basi ikawa hivyo", "maisha yakaendelea", "sitaki kuingia sana huko", weka kidole hapo. Usimlazimishe siku hiyohiyo. Weka alama tu, mtarudi.

Maswali karibuni.

#2 Msomaji Mvivu

Mimi na jina langu hili nimesoma mpaka mwisho. Hiyo "nikasema sawa" imenikaa kifuani. Nimeshika siti ya mbele.

#3 Jiwe la Pembeni

Mkuu usinielewe vibaya, ila mimi naona hapa kuna watu wanatengenezewa uhitaji. Babu zetu walisimulia maisha yao bila kocha wala mwalimu, na tuliwasikiliza. Leo mtu anataka msaidizi wa kukumbuka maisha yake mwenyewe! Pili, tuseme ukweli, mtu asiyejulikana akiandika maisha yake anamwandikia nani?

#4 Mwandani wa Kalamu

Jiwe, swali halali kabisa. Ila babu hakusimulia bila kocha. Makocha walikuwa ninyi mliokaa mbele yake. Mlisema "ehe, halafu?" akajua hapo panapendeza, akaongeza. Mkaanza kusinzia, akaruka. Mkacheka asipotegemea, kesho yake akakirudia kile kipande vizuri zaidi. Kufikia mwaka wa kumi ile hadithi ilikuwa imenolewa na masikio ya watu. Anayeandika yuko peke yake na karatasi, na karatasi haisemi "ehe". Kazi yangu kubwa ni kuwa yule mjukuu.

Kuhusu anamwandikia nani, hili nisilipite haraka, maana ndilo swali langu la pili kwa kila anayekuja. Sayyida Salme, binti wa Sultan Said wa Zanzibar, kitabu chake cha maisha kilitoka Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani. Dunia nzima ikamsoma. Lakini mwenyewe ameeleza mwanzoni kwamba alianza kuandika kwa ajili ya wanawe. Alikuwa mjane ugenini, watoto wanakua hawajui alikotoka mama yao. Ndiyo maana anaeleza mpaka mambo ya ndani ya nyumba ambayo mtu wa kwao asingeona haja ya kuyataja. Shaaban Robert naye, katika kueleza maisha yake, aliingiza humo tenzi mbili za kuwausia wanawe, moja ya binti na moja ya kijana.

Kwa hiyo nikimuuliza mtu "unamwandikia nani?" akajibu "jamii", namrudisha nyumbani akafikiri. Jamii haina sura. Akisema "mdogo wangu wa mwisho ambaye hakumkuta mama", hapo tunaanza, maana anajua cha kueleza na cha kuruka. Wasiojulikana wakisoma baadaye, heri. Wao watakuwa wanasikiliza mtu akizungumza na mtu.

#5 Fundi Saa

Nina swali la kiufundi. Nasoma hivi vitabu, mtu anakuwekea maongezi ya miaka thelathini iliyopita neno kwa neno, na alama za kunukuu juu. Mimi sikumbuki nilichoongea juzi. Huu si uongo unaovalishwa nguo?

#6 Mwandani wa Kalamu

Fundi, umegusa penyewe. Jibu langu ni refu kidogo.

Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kililipuka angani muda mfupi baada ya kuruka. Mwanasaikolojia Ulric Neisser akawaomba wanafunzi, asubuhi iliyofuata, waandike walikuwa wapi, wanafanya nini, nani aliwapa habari. Karatasi zikawekwa. Baada ya kama miaka miwili na nusu akawatafuta, akawapata 44, akawauliza upya. Robo yao hawakupatia hata jambo moja kuu kati ya waliyoulizwa. Si kwamba walisema wamesahau. Walieleza vizuri, kwa uhakika, tukio lingine kabisa. Na hata walipooneshwa karatasi zao zenye mwandiko wao, kumbukumbu ya mwanzo haikurudi.

Hao ni vijana, na ni miaka miwili na nusu tu. Sasa wewe una miaka hamsini unaandika ya utotoni.

Kwa hiyo simwambii mtu "andika ukweli" kisha nikamwacha hapo. Philippe Lejeune, Mfaransa mchambuzi wa tawasifu, aliliita jambo hili mkataba mwaka 1975: jina lililo juu ya jalada, anayesimulia na anayesimuliwa ni mtu mmoja, na msomaji anasoma akiamini hivyo. Mkataba hausemi utakumbuka kila kitu. Unasema hutamdanganya kwa makusudi. Kukosea siku ya wiki ni binadamu. Kujitungia kifungo ambacho hukufungwa ni kuvunja mkataba, na kuna waandishi wenye majina waliowahi kuumbuka hadharani kwa hilo.

Kwenye maongezi, mimi nashauri hivi. Neno moja au sentensi moja uliyoishi nayo miaka yote, iweke ndani ya alama. Kila mtu ana sentensi ya namna hiyo, aliyoambiwa akiwa na miaka saba na bado anaisikia kwa sauti ileile. Mengine yote simulia kwa mukhtasari: "wakabishana kuhusu nauli mpaka taa ikazimwa". Na usiogope "nadhani", "huenda", "dada anasema vingine". Waandishi wapya huona maneno hayo yanawapunguzia heshima. Mimi nikisoma mtu anayesema "hapa sina hakika", yale anayosema ana hakika nayo nayaamini zaidi.

#7 Bahari Shwari

Mwalimu, naomba nikuulize bila kuingia ndani sana. Nina ya kuandika. Ila yanamhusu mtu niliyezaa naye, na watoto wanakua. Nikiandika nawaumiza, nisipoandika naumia. Na nikianza huwa nalia mpaka naacha. Je, hilo ni dalili kwamba nisiandike?

#8 Mwandani wa Kalamu

Dada Bahari, pole. Nitakujibu nikianza na la mwisho.

Kulia si dalili ya kuacha. Mwaka 1986 huohuo, mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi 46. Kila mmoja aliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Wapo walioandika mambo ya kawaida tu, na wapo walioandika lililowaumiza kuliko yote maishani, tukio pamoja na hisia zake. Hawa wa pili walitoka vyumbani wakiwa na hali mbaya kuliko walivyoingia. Lakini katika miezi sita iliyofuata walikwenda zahanati mara chache kuliko wenzao. Kwa hiyo kuumia siku ya kuandika ni jambo linalotegemewa. Ila angalia kipimo: dakika 15, siku nne. Hawakukaa usiku kucha wanachimba. Weka saa, ikilia funika daftari, toka nje, ongea na mtu.

Na mimi si tabibu, naomba hilo lieleweke. Nikiona mtu kila akigusa mahali fulani hapati usingizi wala hawezi kula kwa siku kadhaa, nasimamisha maandishi na kumwambia atafute mtu mwenye taaluma hiyo. Kitabu kinaweza kusubiri. Nimewahi kuchelewa kusema hivyo mara moja, na sipendi kukumbuka.

Sasa la mtu uliyezaa naye. Tenganisha kuandika na kuchapisha. Ni milango miwili, na mpaka sasa umesimama kwenye wa kwanza. Andika kama hakuna atakayesoma. Ukimaliza, pumzisha miezi, kisha soma kila aya inayomhusu yeye na ujiulize: hii ipo kwa sababu hadithi inaihitaji, au kwa sababu nataka aione? Ya aina ya pili huwa inanuka mbali. Yeye hana ubaya tu, hakuna mtu wa hivyo, na ukimchora shetani mtupu msomaji ataanza kujiuliza wewe ulifuata nini. Onesha kilichokuvuta. Hapo ndipo pagumu kuliko hata kueleza kipigo.

Ya watoto usiyaandike. Maisha yao yatakuja kuwa kumbukumbu zao wenyewe. Andika ulivyokuwa wewe ukiwa mama yao.

Kubadili majina kunasaidia kidogo tu, maana waliowahi kuwepo watamjua hata ukimwita nani. Kama unafika kwenye kuchapisha, na unaandika kosa la jinai la mtu aliye hai, kaa na mwanasheria kwanza.

#9 Msomaji Mvivu

"Msomaji ataanza kujiuliza wewe ulifuata nini." Aisee.

#10 Mgeni Jana

Habari wadau. Nimekuwa nasoma kimyakimya. Nina kipande changu, nakiweka hapa mleta uzi akikichane atakavyo, ngozi yangu ni ngumu.

"Nilizaliwa katika familia ya kawaida ya watoto sita, mimi nikiwa wa nne. Maisha yalikuwa magumu lakini tulikuwa na upendo. Mwaka 1994 baba aliuza baiskeli yake aliyoipenda sana ili mimi niendelee na masomo. Ilikuwa siku ya huzuni kubwa. Tangu siku hiyo nilijifunza maana ya kujitoa kwa ajili ya wengine. Hakika mzazi ni mzazi."

#11 Mwandani wa Kalamu

Mgeni, asante kwa ujasiri. Sitachana kitu. Hicho ulichoandika ni hotuba nzuri ya kwenye sherehe, na watu wangepiga makofi. Wewe mwenyewe ndiye nisiyekuona humo. Kuna mtu mzima anayejua somo, yule mtoto wa 1994 hayupo. Kwenye kazi hii kuna "mimi" wawili, aliyekuwepo na anayeandika sasa, na huyu wa sasa ana tabia ya kumziba mdomo mdogo wake.

Nina maswali. Usijibu kwa sentensi safi, jibu ovyoovyo.

Baiskeli ilikuwa inakaa wapi ndani ya nyumba? Siku inaondoka wewe ulikuwa wapi? Nani aliichukua? Baba alivaa nini? Na baada ya kuondoka, mahali ilipokuwa inakaa paliwekwa nini?

Kisha rudi.

#12 Jiwe la Pembeni

Mi bado nabisha kidogo lakini nipo, nasubiri Mgeni ajibu.

#13 Kibatari

Wakati tunasubiri: kwani sasa hivi si kuna hizi programu za akili mnemba? Unaipa matukio, inakuandikia sura nzima, Kiswahili kimenyooka. Kocha wa nini?

#14 Mwandani wa Kalamu

Kibatari, ingemfutia yule mzee "nikasema sawa" zote kwa sekunde mbili, na ingefanya vizuri kuliko nilivyofanya mimi. Ndilo tatizo lenyewe. Kwa kupanga tarehe, kusikiliza kilichorekodiwa na kukiweka kwenye maandishi, mimi mwenyewe natumia, sina unafiki. Lakini sentensi iliyonyooka si haja ya mtu huyu. Anahitaji mtu wa kumuuliza viatu vilikaa wapi, kisha anyamaze muda wa kutosha. Kunyamaza ndiko kugumu. Nimejizoeza kuhesabu mpaka ishirini kimoyomoyo kabla ya kusaidia. Mara nyingi kwenye kumi na tano hivi mtu anasema kitu ambacho hakupanga kukisema.

#15 Mgeni Jana

Nimerudi. Nimekaa na maswali yako siku mbili. Nilidhani ya kijinga, samahani. Nimejibu ovyo, halafu nikayaunga hivi:

"Baiskeli ilikaa kwenye korido, imeegemea ukuta wa kushoto. Korido ilikuwa nyembamba. Ukitaka kupita kwenda jikoni unageuka ubavu na kuvuta tumbo, na mama akiwa na sufuria anainua juu ya usukani. Ukutani usukani ulikuwa umechora alama nyeusi, kama nyusi. Siku inaondoka sikuwepo, nilikuwa shule. Niliporudi nikaona nyusi peke yake. Sikuuliza. Pale hapakuwekwa kitu. Lakini mama aliendelea kupita ubavu. Miezi mingi. Korido iko wazi, yeye anageuka, anainua sufuria, anapita."

Nimeandika hapo nikasimama. Sikuwa nakumbuka hilo la mama. Sijui lilikuwa wapi miaka yote hii.

#16 Bahari Shwari

Nimesoma mara tatu. Anainua sufuria.

#17 Jiwe la Pembeni

Sawa. Nimenyamaza.

#18 Mwandani wa Kalamu

Mgeni, hata sina la kufundisha hapo, ila niwaoneshe wengine kilichotokea. Toleo la kwanza lilikuwa na huzuni imetajwa kwa jina lake. La pili halina neno huzuni hata moja. Halafu umesema "sikuuliza". Hilo neno moja lina familia nzima ndani yake, msilipite.

Kwa faida ya wanaofuatilia, kitu kingine. Mtu aliyevuka umri wa kati, ukimwacha akumbuke apendavyo, kumbukumbu zake nyingi huangukia kati ya miaka 10 na 30. Chini ya miaka mitatu na nusu hivi wengi wetu hatuna kitu chetu, tuna tulichosimuliwa. Kwa hiyo ile sura ya kwanza ya "nilizaliwa" mara nyingi mwandishi anaandika maneno ya mama yake, na ndiyo maana inakuwa kavu. Anzia pale wewe ulipo na macho yako. Mgeni, ya kwako inaanzia koridoni.

Swali langu la mwisho kwako: sehemu moja bado ni ya yule mtoa hotuba. "Aliuza ili mimi niendelee na masomo." Hilo ulijuaje, kama hukuuliza?

#19 Mgeni Jana

Duh.

Sijui. Nimekua nalijua. Naona nimpigie kaka, yeye alikuwa mkubwa.

#20 Fundi Saa

Mleta uzi, wakati tunamsubiri, kwenye vikundi unafanyaje? Nilijiunga na kimoja, kila mtu akisoma chake wengine wanaanza "mimi ningeandika hivi". Nikaacha.

#21 Mwandani wa Kalamu

Umefanya vizuri kuacha. Kikundi changu kina kanuni mbili tu. Aliyesoma hajibu wala hajitetei mpaka wenzake wamalize, maana akianza kueleza alichokusudia, kile kilichopo kwenye karatasi kinasahaulika. Na anayechangia haruhusiwi kurekebisha, anasema alichokiona na mahali alipopotea. "Nilimwona mama yako na sufuria. Kwenye aya ya tatu sikujua nani anaongea." Basi. Ushauri wa "ningeandika hivi" unamfanya mtu aandike maisha ya jirani yake. Na mtu akisoma jambo zito, wa kwanza kuongea asiwe wa pole, awe aliyesikiliza maandishi. Pole zije baadaye, chai ikiwa mezani.

#22 Mgeni Jana

Nimeongea na kaka, saa nzima, kitu hatujafanya miaka.

Anasema pesa ya baiskeli haikuwa ya ada yangu. Ada yangu ilikuwa imeshalipwa. Ilikuwa deni la hospitali la mama, la ugonjwa ambao sisi wadogo hatukuambiwa. Mimi hilo la masomo sijui nani aliniambia, kaka anacheka anasema labda nilijiambia mwenyewe ili nisome kwa bidii.

Nikamuuliza nani aliichukua. Akasema hakuna aliyekuja kuichukua. Mnunuzi alikuwa mbali, ilibidi waipeleke wao. Baba alimwambia aiendeshe yeye. Kaka alikuwa na miaka kumi na sita na hakuwahi kuruhusiwa hata kuishika keria. Anasema alikuwa na furaha njia nzima, anapiga kengele, na baba anatembea nyuma kwa mguu.

Sasa mwalimu, nina matoleo mawili. Nifute lipi?

#23 Mwandani wa Kalamu

Usifute. Mtoto aliyeamini kwamba baiskeli iliuzwa kwa ajili yake, akasoma miaka yote akiibeba, ni wa kweli kama kaka mwenye kengele. Andika ulichokuwa unajua, kisha andika ile simu.

Ila kipande cha baba kutembea nyuma, kiandike kama kaka alivyokisema. Usiongeze neno.

#24 Mgeni Jana

Nimeelewa. Kaka ameomba nikimaliza nimsomee kwa simu kabla ya mtu mwingine yeyote. Na amesema alama ya usukani haikuwa kama nyusi, ilikuwa kama mundu. Tunabishana.